Mhamiaji wa Mwaka Asiyepanda Mashua

Shemeji yangu Mitri Sallum aliingia Amerika kwa ndege, amevaa suti ya kijivu ya vipande vitatu aliyoishona mwenyewe, na miaka sita baadaye jambo hilo lilitaka kumponza.

Mimi ni Taufik, kaka wa mke wake. Nina kituo cha mafuta hapa mjini kwetu Pennsylvania tangu kabla ya vita, enzi ambazo hakuna Mmarekani aliyeniuliza habari za Syria. Waliniuliza tu kama choo cha kituoni kinafanya kazi. Vita ilipofika Homs nikawajazia fomu, nikangoja, nikajaza nyingine, mpaka wakaja: Mitri, dada yangu Nazha, binti yao Rim aliyekuwa na miaka tisa, na mama yangu, ambaye kila mtu anamwita Umm Taufik. Watu wanne, masanduku kumi na moja. Moja lilikuwa la mikasi na pasi za chuma, na maofisa wa uwanja wa ndege walilichunguza kwa saa tatu, kama vile Mitri amekuja kuipiga pasi nchi yao kwa nguvu.

Walikaa kwenye chumba changu cha chini ya ardhi miezi kumi na minne. Mke wangu bado anaikumbuka miezi hiyo mmoja mmoja, kwa majina yake.

Huko Homs Mitri alikuwa fundi suti mwenye duka lake, mafundi watatu chini yake, na maringo ya kuwatosha watu wanne. Madaktari walimngoja. Mawakili walimngoja. Hapa alipata kazi kwenye ghala la kupakia bidhaa, ambako bosi wake hakuwa mtu bali kidude kilichofungwa mkononi, kinacholia akikawia. Nacho kililia kutwa, maana Mitri hakuweza kutia shati kwenye boksi bila kulikunja inavyostahili. Alipewa barua tatu za onyo kwa kosa la kukunja vizuri. Jumamosi, siku yake ya kupumzika, alikwenda kufupisha suruali za watu kwenye duka la dobi la Mkorea mmoja, Bwana Pak. Wawili hao walifanya kazi bega kwa bega miaka minne na lugha yao yote ilikuwa maneno matatu: "zipu", "kesho" na "Mungu wangu".

Nazha alikuwa akimwogesha na kumlisha bibi mmoja wa Kimarekani, Bi. Gladys, aliyemwita Natasha. Nazha aliitika.

"Kwa nini humwambii jina lako?" nilimuuliza.

"Nikimwambia, kesho anasahau, tunaanza upya. Natasha anamaliza kazi mapema, kaka. Muache."

Jumapili baada ya ibada alitengeneza mikate ya mchicha na kuiuza kwa waumini mlangoni mwa kanisa. Mama yangu alisimamia. Kusimamia kwake ni kukaa kitini na kusema unga umezidi maji.

Basi siku moja mama mmoja aitwaye Bi. Whitcomb alileta kwa Bwana Pak gauni la harusi la marehemu mama yake. Alitaka bintiye alivae. Lilikuwa limeliwa na nondo, limegeuka rangi ya chai, na mafundi wengine wote mjini walikuwa wamelikataa. Mitri alilifumua lote, akalishona upya kwa wiki mbili. Bi. Whitcomb alipoliona akalia. Akauliza fundi ametoka wapi. Akaambiwa Syria. Akalia tena, zaidi ya mara ya kwanza, na safari hii hakulilia gauni.

Bi. Whitcomb alikuwa katibu wa Jumuiya ya Mlango Wazi, chama cha watu wema wa mji wetu ambao kila mwaka huchagua Mhamiaji wa Mwaka, wakamkabidhi ngao ya mbao mbele ya wanachama. Mwaka huo kulikuwa na zaidi ya ngao. Mwanachama mmoja tajiri alikuwa amefariki na kuwaachia duka kwenye kona ya barabara kuu, lililokuwa la viatu, lenye dirisha refu la kioo. Ngao ilikuwa ya Mitri tayari. Duka, kulitumia mwaka mzima bila kodi, wanachama wangelipigia kura baada ya kusikia hotuba yake.

Ndipo Bi. Whitcomb akaja nyumbani kuandika historia ya familia. Nilikuwepo. Alivua viatu mlangoni, kichwani amejifunga mtandio mweusi, akaketi chini ya picha ya Mtakatifu Georgi iliyo kubwa kama dirisha.

"Masikini," mama yangu alininong'oneza, "ametoka msibani huyu. Mletee kahawa."

Bi. Whitcomb akamgeukia Rim. Rim sasa alikuwa na miaka kumi na tano na ndiye mdomo wa nyumba nzima: benki, hospitali, kampuni ya umeme, zote zilipita kwake.

"Waulize, mpenzi, wanaswali wapi?"

Nazha akajibu kwamba wanakwenda kanisa la kona ile, karibu na duka la matairi.

"Oh! Na walibadili dini lini?"

Rim akatafsiri. Mama yangu akaweka kikombe chini. "Mwambie babu zetu walikuwa wakimwimbia Kristo wakati wa kwao wanasujudia miti!"

"Bibi anasema ni zamani kidogo," alisema Rim.

Bi. Whitcomb akafungua ukurasa mpya. "Sasa waulize walivukaje bahari."

"Baba, mlivukaje bahari?"

"Si ulikuwepo? Ulitapika kwenye mfuko wa ndege."

"Baba anasema nilikuwa mgonjwa sana."

Bi. Whitcomb akaufunika mdomo kwa mkono. "Na kabla ya hapo? Walitembea jangwani?"

"Tulipanda teksi mpaka Beirut," alisema Mitri. "Dereva alivuta sigara njia nzima. Nilimwambia, bwana we, utazitia harufu suti zangu!"

"Baba anasema njiani kulikuwa na moshi mwingi."

Bi. Whitcomb aliandika *moshi*, akapigia mstari mara mbili. Lakini nilimwona hajaridhika. Alipokuwa akivaa viatu alimshika Rim bega na kusema kwa upole kwamba wanachama ni watu wenye mioyo laini, ila mioyo yao inahitaji kusaidiwa kidogo. Mwaka uliopita mshindi alikuwa amevuka bahari kwa mashua, nusu yake imejaa maji.

Tulikaa kikao cha familia hapo hapo.

"Panda mashua, shemeji," nilimwambia. "Moja tu. Ndogo. Nani atakuja kuipima?"

"Sipandi."

"Baba Rim," alisema Nazha, "magoti yako yanalia kushinda hicho kidude chako cha mkononi. Miaka miwili tena ya ghala hilo na nitakuogesha wewe pamoja na Bi. Gladys."

"Bi. Gladys hana matusi," alisema mama. "Itakuwa kazi nzito zaidi." Kisha akakohoa kidogo, kama msanii anayeombwa kuimba. "Mimi naweza kulia. Mniambie tu saa ngapi."

Hakuwa akijigamba. Bonde zima la kwetu lilimjua mama. Watu walikuwa wakimtumia gari aje kuomboleza misibani, na akishaanza, hata warithi walilia.

"Hakuna mashua na hakuna kulia," alisema Mitri. "Nitasema kweli."

"Kweli ipi?"

"Yangu."

Siku tatu kabla ya sherehe Bi. Whitcomb akatuletea mfuko. Ndani mlikuwa na vazi ambalo Jumuiya ingefurahi Mitri alivae, vazi la kwao la asili. Mitri hajavaa kitu kisicho na kola tangu ubatizo wake. Akalitoa. Lilikuwa joho la zambarau lenye mistari ya dhahabu, na ndani ya shingo mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: MAMAJUSI WA PILI. Walikuwa wamelitoa kwenye mchezo wa Krismasi wa kanisa lao.

Mitri hakuudhika kwa hilo. Aliligeuza nje ndani, akalipitisha vidoleni, akabadilika rangi.

"Gundi," alisema. "Nazha, njoo uone. Pindo limebandikwa kwa gundi!"

Nilikuwa naye siku alipopigiwa simu kwamba duka lake la Homs limeanguka lote, ghorofa juu ya ghorofa. Hata siku hiyo hakutumia sauti ile.

"Duka lina dirisha la futi kumi na mbili," alisema Nazha. "Utalivaa."

Alilivaa. Ila kwanza alilibandua lote, akalitia bitana na kulishona pindo kwa mkono jioni mbili mfululizo, kidude cha ghalani kikiwa mezani kinamsubiri asubuhi. Na chini ya joho alivaa suti yake ya kijivu.

Sherehe ilikuwa chakula cha mchana cha Jumamosi kwenye ukumbi wa zimamoto. Walikuja watu kama themanini. Mezani palikuwa na vibendera vya karatasi, kimoja cha Syria na vingine sijui vya wapi. Mwenyekiti, Bwana Brewster, wakili mrefu mwenye koti lililomkaa kama limetundikwa kwenye mti, alitukaribisha kwa maneno mengi kuhusu ujasiri. Akasema familia hii imevuka jangwa, moto na moshi. Kisha akamwita Mitri.

Mitri alisimama na joho lake, Rim kando yake. Hakuwa na karatasi.

"Nilikuwa na suti kumi na nne zimekamilika," alisema, "zimetundikwa dukani. Moja ya Daktari Antun, kifua inchi arobaini na mbili, bega la kushoto limeshuka kwa sababu ya kubeba mkoba. Moja ya Habib, alikuwa aoe. Moja ya Mwalimu Shukri, buluu. Aliniomba nimtilie mfuko wa siri wa kuficha sigara, mkewe asijue. Walikuwa waje kuzichukua Alhamisi. Barabara ilifungwa Jumatano. Nilizipangusa vumbi miezi miwili. Hakuja mtu. Kisha sisi tukaondoka na suti zikabaki. Sijui nani kati yao yuko hai. Majina naanza kuyachanganya, lakini vipimo vyao vyote ninavyo. Ahsanteni kwa chakula."

Safari hiyo Rim hakubadili hata neno. Sauti ilimkatika kwenye mfuko wa sigara. Mimi nilikuwa nimeinamia sahani yangu, kwa sababu Habib nilisoma naye darasa moja.

Ukumbi ulingoja. Ilinichukua muda kuelewa wanangoja nini: walikuwa wanangoja mashua. Ilipodhihirika kwamba haiji, walipiga makofi ya adabu, yale ya mtoto aliyesahau shairi. Bwana Brewster akamshukuru kwa maelezo yake ya kuvutia kuhusu ushonaji. Bi. Whitcomb alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa chake cha meza, na hakututazama.

"Duka limekwenda," Nazha aliniambia kwa Kiarabu.

Hapo ndipo walipoleta vitamutamu. Bwana Brewster alitangaza kwa furaha kwamba kwa heshima ya wageni wa siku, mpishi ameandaa chakula cha kwao hasa: humusi. Mama yangu akachangamka. Tangu asubuhi alikuwa amekula jani moja la saladi, kwa mashaka. Humusi anaijua, dengu, ufuta, limau, kitunguu saumu, kitu alichokula tangu kabla hajaota meno. Akamega mkate, akachovya ndani ya bakuli bila kuangalia sana, maana macho yake si mazuri, akatia mdomoni.

Ilikuwa humusi ya chokoleti.

Nilimwona akiacha kutafuna. Mkono ukaenda kifuani. Akasimama taratibu, wanawake wawili wakamwachia nafasi, na kwa sauti ile iliyokuwa ikitumiwa magari bonde zima akapiga ukelele.

"Ee Bwana! Wamefanya nini hawa! Wameiua! Wameiua jamani, haina kosa!"

Vijiko vilisimama hewani. Bi. Whitcomb akainuka. "Rim! Rim, mpenzi, anasema nini?"

Rim akanitazama mimi, akamtazama baba yake, akalitazama bakuli.

"Anasema wameua," alisema. "Wameua kitu kisicho na hatia."

Mama alikuwa sasa anajipiga kifua. "Dengu za watu! Ufuta wa watu! Nani alimpa mtu huyu jiko?"

"Anawalaumu walio na madaraka," alisema Rim.

"Na sukari juu! Sukari, juu ya maiti!"

Hiyo Rim hakuiweza. Alijifunika uso kwa viganja, mabega yakamtetemeka, na ukumbi mzima ukaelewa kwamba mtoto naye ameshindwa kuvumilia. Mzee mmoja aliyewahi kuwa askari akapiga saluti. Bwana Brewster alivua miwani. Wanawake waliokuwa karibu na mama walimkumbatia kwa zamu, naye akiwauliza mmoja mmoja kwa Kiarabu kama wao pia wameionja. Bi. Whitcomb aliinua mkono, na mikono themanini ikainuka pamoja nao. Ndivyo kura ilivyopigwa.

Tukaingia garini kurudi nyumbani.

"Wamenipa duka kwa ajili ya humusi," alisema Mitri.

"Ulitaka wakupe kwa ajili ya nini?" aliuliza Nazha.

"Kwa kazi yangu."

"Kazi wataiona wakileta suruali. Nyoosha mguu, goti litakaza."

Lakini jambo hilo halikumpa usingizi. Jumatatu aliomba ruhusa ghalani, akamchukua Rim na mimi, tukaenda ofisi za Jumuiya. Alitaka kurudisha ufunguo kabla hajapewa.

"Mwambie," alimwagiza Rim, "mama alilia kwa sababu ya chakula."

Bi. Whitcomb alimshika Mitri mikono yote miwili. "Najua, Bwana Sallum. Chakula hubeba kumbukumbu."

"Mwambie chakula kilikuwa kibaya."

"Huzuni hubadilisha ladha," alisema Bi. Whitcomb, machozi yakimlengalenga.

"Mwambie kilikuwa kibaya sana! Mtu ametia chokoleti kwenye dengu!"

"Mwambie baba yako," Bi. Whitcomb alimwambia Rim, "kwamba hapa hana haja ya kuficha maumivu yake kwa mzaha."

Mitri alijaribu mara ya nne, akaishia "Mungu wangu". Tukatoka na ufunguo.

Alilisafisha duka mwenyewe, sisi sote tukimsaidia, mama akisimamia. Jumuiya ilikuwa na pendekezo la kibao: *Sindano ya Matumaini*. Mitri aliandika MITRI, SUTI NA MAREKEBISHO. Walileta mpiga picha, ambaye alimwomba asitabasamu. Halikuwa jambo gumu. Alikuwa anakagua mshono wa suruali ya mpiga picha huyo.

Wateja wa kwanza walikuja kwa ajili ya huzuni. Walileta kifungo kimoja au zipu, wakamtazama mama yangu aliyekaa dirishani kama mtu anavyotazama kaburi la shujaa, wakaondoka wamepunguziwa kiuno bila kuomba. Mitri hakuweza kuacha kiuno kibaya kitoke mlangoni. Waliporudi mara ya pili hawakuuliza habari za Syria. Waliuliza kama itakuwa tayari Ijumaa.

Bwana Brewster naye akaja. Mitri alimsimamisha mbele ya kioo, akamzungusha mara tatu, kisha akamuuliza kupitia Rim, kwa upole wa daktari anayetoa habari mbaya: "Nani alikufanyia hivi?" Alimshonea suti nyeusi. Baada ya hapo wakaja mawakili watatu wa ofisi yake, na nikaanza kuuona tena mwendo wa zamani wa shemeji yangu, ule wa kuwangojesha watu.

Siku aliyoacha kazi ghalani alikivua kidude, akakiweka juu ya meza ya ofisi, kikaendelea kulia. Msimamizi alimpa mkono, akamwambia alikuwa mfanyakazi mzuri lakini mpole wa mikono kupita kiasi. Nazha aliendelea na Bi. Gladys mpaka bibi yule alipofariki. Kwenye mazishi watoto wake walimshukuru Natasha kwa machozi, na dada yangu akalia kweli, kwa jina hilo hilo.

Mwaka wa bure ulipokwisha Mitri alibaki dukani kama mpangaji mwingine yeyote. Hakuna aliyekuja kupiga picha siku hiyo.

Oktoba iliyopita fundi bomba mmoja Mpuertoriko, Efraín Colón, alitaka suti sita kwa wiki mbili: yake ya harusi na za wasimamizi wake watano, wote wenye vifua vya wabeba mizigo na wote wamechelewa kupimwa. Mtu mwenye akili angekataa. Mitri alikubali, kisha akatupigia simu. Nilifunga kituo cha mafuta saa nane mchana nikaenda kupiga pasi. Bwana Pak alikuja na cherehani yake ndani ya gari. Rim alishona vifungo huku anasomea mtihani, kitabu kimeegemezwa kwenye sanduku la nyuzi. Mke wangu, aliyeapa kutoshughulika tena na watu wale maishani, alileta sufuria ya wali na dengu akakaa kukata nyuzi zilizobaki. Mitri alipita katikati yetu na futi shingoni, anatufokea sote kwa Kiarabu, Bwana Pak naye akifokewa: mshono huu umepinda, pasi hiyo ina moto mno, nani amekushikisha mkasi wewe.

"Punguza sauti, Baba Rim," alisema Nazha kutoka nyuma ya rundo la suruali. "Watu wanakusikia barabarani."

"Wasikie!" alisema, akanipokonya pasi mkononi.